Penseli na Panga katika Vichaka vya Itigi

Tarehe 8 Juni 1938 ndege ilianguka karibu na Singida. Miongoni mwa waliokufa walikuwamo watumishi wawili wa serikali ya Tanganyika ambao walikuwa wameyasoma mapori ya katikati ya nchi kwa miaka mingi, wakiandika kila walichokiona. Mmoja ni Charles Francis Massy Swynnerton, mkurugenzi wa idara ya utafiti wa mbung'o, aliyekuwa safarini kwenda Dar es Salaam kuvishwa nishani. Wa pili ni Bernard Dearman Burtt, mtaalamu wa mimea wa idara hiyo hiyo, mtu ambaye hata miaka 40 alikuwa hajaifikisha.

Nimefundisha baiolojia mkoani Singida maisha yangu yote ya kazi, na katika miaka hiyo nimekutana na watu wachache sana wa kwetu waliowahi kusikia habari za ajali ile. Singida inajulikana kwa alizeti, kwa asali, kwa kuku wa kienyeji, na kwa heroe wanaotua katika maziwa ya Singidani na Kindai. Zaidi ya hapo tumezoea kuambiwa kwamba mkoa wetu ni mkavu, ni wa kupita tu msafiri akielekea Mwanza au Tabora. Burtt aliutazama ukavu huo huo akauona kuwa utajiri usio na mfano wake. Aliuandika, akaukausha katikati ya karatasi, na baada yake wakaja wengine wakauchora. Nawaandikia wasomaji habari za watu wa namna hiyo, wale ambao kwao penseli na sayansi ni kazi moja, na habari za pori walilolishika mkononi, ambalo leo linakatwa.

Ukitoka Manyoni kwenda magharibi kwa reli, ukaipita Itigi hadi stesheni ndogo ya Kazikazi, kushoto na kulia utaona vichaka. Mgeni huvidhania kuwa ni msitu uliokatwa zamani ukaota tena vibaya. Lakini pale ndivyo palivyo kwa asili. Chini ya udongo lipo tabaka gumu ambalo mizizi ya miti mirefu haipendi, na mvua yenyewe ni ya msimu mmoja. Kinachostahimili ni vichaka vya mita 3 hadi 5, kila kimoja kikitoa mashina mengi kutoka chini, vimesongamana hata mtu mzima hawezi kutembea wima ndani yake. Kiangazi majani hupukutika yote na pori zima hugeuka rangi ya majivu. Mvua za Novemba na Desemba zikishuka, kijani hurudi kwa haraka ya ajabu. Ukiacha hapa kwetu, pori la aina hii lipo tena ng'ambo ya mpaka tu, kaskazini mwa Zambia, kuelekea Sumbu na Ziwa Mweru Wantipa. Frank White alipotayarisha ramani kubwa ya uoto wa Afrika nzima kwa ajili ya UNESCO, iliyotoka mwaka 1983, aliyapa mapori haya fungu lake peke yake na kuyaita kwa jina la Itigi. Bara zima, na kituo chetu cha reli kimo.

Baba yangu alikuwa mrina asali. Aliingia humo kwa njia za tembo, kwa sababu njia nyingine hazikuwepo, na mizinga yake ya magogo aliitundika pembezoni ambako miombo inakutana na vichaka. Aliijua mimea kwa maua, na maua aliyajua kwa nyuki: kipi kinachanua kwanza mvua ikigusa ardhi, kipi kinafuata, asali ya kipi ni nyeupe na ya kipi inawasha koo. Hakuwa amekwenda shule. Nilipofika chuo na kusoma majina ya Kilatini ya mimea ile, niligundua kwamba mpangilio wake wa maua kwa majuma haukuwa umeandikwa katika kitabu chochote nilichopewa.

Kilichomleta Burtt huku kilikuwa mbung'o. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza sehemu kubwa ya Tanganyika ilikuwa haikaliki kwa sababu ya mdudu huyo: ng'ombe wanakufa kwa nagana, watu wanakufa kwa malale, na kila ardhi inayoachwa na watu inarudi kuwa pori na kumpa mbung'o makazi zaidi. Swynnerton ndiye aliyekabidhiwa tatizo hilo. Alizaliwa Uingereza mwaka 1877, na kabla ya kuja Tanganyika alikuwa mkulima karibu na msitu wa Chirinda, katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe. Shamba lilimpa riziki, lakini akili yake ilikuwa kwa ndege na vipepeo. Aliwalisha ndege vipepeo vya rangi mbalimbali, akaandika ni yupi aliyemezwa na ni yupi aliyetemwa, ili apime kama rangi kali za mdudu ni onyo kwa anayetaka kumla. Yupo ndege mdogo wa msituni anayebeba jina lake mara mbili, *Swynnertonia swynnertoni*, na ndege huyo anaishi pia kwetu, katika milima ya Udzungwa na Usambara. Mwaka 1919 akawa Bwana Nyama mkuu wa kwanza wa Tanganyika chini ya Waingereza, na mwaka 1929 akaanza kuiongoza idara ya utafiti wa mbung'o, ambayo makao yake yaliwekwa Shinyanga. (Wakenya wanaolijua jina la Swynnerton kwa sababu ya mpango wa kilimo wa mwaka 1954 wanamzungumzia Roger, mwanawe.)

Wazo la Swynnerton lilikuwa jepesi kulieleza na zito kulitekeleza. Badala ya kumkimbiza mdudu mmoja mmoja, ijue nyumba yake. Kila aina ya mbung'o ina pori lake: mmoja anataka miombo, mwingine anataka migunga iliyotawanyika, mwingine anataka vichaka vya kando ya mito. Ukibadilisha uoto, mbung'o anahama au anakufa. Kule Shinyanga Mtemi Makwaia wa Busiya na watemi wenzake waliwatoa watu wao kwa wingi kufyeka na kuchoma pori kwa wakati uliopangwa, na kazi hiyo haingefanyika bila wao. Lakini ili ujue ufyeke nini na uache nini, lazima awepo mtu anayeweza kusimama mbele ya pori akasema hiki ni nini na kile ni nini, hata wakati hakuna ua wala tunda. Ndipo Burtt alipohitajika.

Hili sitaki msomaji aliruke. Elimu bora ya mimea ya mkoa wetu ilikusanywa kwa ajili ya panga. Aliyelipa mshahara wa Burtt alitaka kujua vichaka ili aweze kuviondoa.

Na bado ukiifuata kazi yake unaona mtu aliyezidiwa na upendo wa kile alichotumwa kukichunguza. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 alikusanya sana pande za Itigi na Kazikazi. Kazi ya kukusanya ni ya subira: unakata tawi lenye jani, ua na ikiwezekana tunda, unalilaza katikati ya karatasi, unalibana, unabadilisha karatasi kila siku mpaka likauke bila kuoza, unalipa namba, na kwenye daftari unaandika mahali, tarehe, kimo cha mmea, rangi ya ua kabla haijafifia. Matawi yake yalisafiri hadi Ulaya. Kule London, wataalamu wawili wa Makumbusho ya Uingereza, Edmund Baker na Arthur Exell, walikuta mmoja wa mimea hiyo hauingii katika jenasi yoyote inayojulikana. Mwaka 1931 wakautangaza kuwa *Burttia prunoides*, jenasi mpya yenye spishi moja tu, na hadi leo ni moja. Wapo wengine wenye jina lake, *Baphia burttii* na *Grewia burttii*, lakini *Burttia* ndio unaonigusa zaidi. Ni mmea wa vichaka vyetu, na ukiviondoa vichaka vya huku na vya Zambia, umeondoa jenasi nzima duniani.

Kazi zake mbili kubwa zilitoka akiwa kaburini. Mwaka 1939 ulichapwa Dar es Salaam ufunguo wake wa kutambulia miti, vichaka na mimea inayotambaa ya nyika za Tanganyika, kitabu kilichokusudiwa kushikwa porini. Wasiowahi kutumia ufunguo wa aina hiyo nawaeleza hivi: unaulizwa maswali mawili mawili. Je, majani yamekaa mkabala au yamepishana? Kama yamepishana, je, yana utomvu mweupe au hayana? Kila jibu linakupeleka kwenye swali jingine mpaka jina libaki moja. Kuuandika ni kukiri kwamba umeitazama mimea yote kwa macho ya mtu asiyeijua, na kujiuliza yeye ataona nini kwanza. Kisha mwaka 1942, vita ikiendelea, jarida la ikolojia la Uingereza likatoa maelezo yake marefu kuhusu jamii za mimea za Afrika Mashariki, kurasa zaidi ya 80, yaliyohaririwa na mwenzake C. H. N. Jackson. Humo pori halielezwi kama orodha. Linaelezwa kama jamii: nani anakaa na nani, juu ya udongo upi, nani anamfuata nani moto ukipita.

Nikisoma kazi za wakati ule, swali moja haliniachi. Nani alikuwa amesimama pembeni? Peter Greenway, mtaalamu wa mimea aliyekuwa Amani kule Usambara, alitoa mwaka 1937 kamusi ya majina ya mimea kwa Kiswahili, na mwaka 1949 yeye na John Brenan wakatoa orodha ya miti na vichaka vya Tanganyika yenye majina katika lugha nyingi za nchi hii, na lugha za mikoa ya katikati zimo. Kila jina lililomo lilitoka kinywani mwa mtu. Mzee fulani alivunja kijiti, akakinusa, akatamka. Mara nyingi karatasi ya mmea uliokaushwa inamtaja aliyekusanya, na aliyeupa mmea jina hatajwi. Baba yangu angeweza kuwa mmoja wao kama angezaliwa mapema. Wazee waliomwonyesha njia za tembo kwa hakika walikuwepo. Siwezi kuliona jambo hili kuwa dogo, kwa sababu mtu mwenye ujuzi huo ndiye pia ambaye miaka iliyofuata aliambiwa kwamba haelewi uhifadhi.

Kwa wachoraji kazi ilianza pale matawi yalipofika kwenye makabati. Mwaka 1952 zilianza kutoka sehemu za kwanza za kitabu kikubwa cha mimea ya Kenya, Uganda na Tanzania, kilichoratibiwa kutoka bustani ya Kew, London, kwa ushirikiano na ghala la mimea iliyokaushwa la Afrika Mashariki, ambalo mwaka 1950 lilihamishwa kutoka Amani hadi Nairobi. Kilikamilika mwaka 2012, baada ya miaka 60, kikiwa na spishi 12,104. Ndani yake mmea baada ya mmea umechorwa kwa wino mweusi, na chini ya michoro hiyo utakutana na majina kama Pat Halliday na Juliet Williamson. Watumiaji wengi wa kitabu hupitisha macho bila kuyasoma. Wanasayansi waliokiandika walijua thamani ya wachoraji hao.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini mchoro wakati kamera ipo. Jibu linaonekana ukiuweka mmea uliokaushwa mbele yako. Umekunjamana, jani limekatika, ua limebanwa kama nzi aliyefungiwa kitabuni. Picha itakuonyesha mikunjo hiyo yote kwa uaminifu. Mchoraji analichukua ua moja, analilainisha katika maji ya moto, analifungua chini ya hadubini kwa sindano, anapima kila kipande, anahesabu stameni, anaangalia kama ovari ina nywele au haina, kisha anaurudisha mmea katika hali uliyokuwa nayo ukiwa hai. Anachora tawi zima, na pembeni yake ua lililokuzwa, tunda lililokatwa, mbegu. Kile ambacho ni ajali ya tawi moja anakiacha. Kile ambacho ni cha spishi nzima anakiweka. Uamuzi huo ni wa kisayansi, na anayeufanya kwa mkono ni mwanasayansi hata kama cheo chake kinasema mchoraji. Mara nyingi mchoraji ndiye anayegundua kwamba maelezo ya mtaalamu yanasema nywele na ovari iliyopo chini ya lenzi haina nywele.

Wanafunzi wangu waliyajua masharti haya bila kujua yalikotoka. Katika mtihani wa vitendo wa baiolojia mchoro unataka penseli iliyochongwa, mstari mmoja safi usiorudiwarudiwa, pasipo kivuli, mistari ya majina isiyokatana, na kipimo cha ukuzaji. Wengi waliona ni ukali wa watahini tu. Nilikuwa nikiwaambia wachore jani la mgunga lililo mbele yao na si lile walilonalo kichwani, kwa maana jani la kichwani kila mtu analo na linafanana kwa wote. Darasa lilikuwa likinyamaza kabisa. Mtoto anayehesabu vijani vya mgunga kwa mara ya kwanza hana nafasi ya kuzungumza.

Katika nchi hii mtu aliyeufikisha umoja huu wa penseli na sayansi mbali kuliko wote ni jirani yetu wa reli ya kati. Jonathan Kingdon alizaliwa Tabora mwaka 1935. Alisomea sanaa, akafundisha sanaa Makerere kuanzia mwaka 1960, na akiwa huko akaanza kazi ambayo hakuna aliyekuwa amemtuma: kuchora mamalia wa Afrika Mashariki, wote, kuanzia panya hadi tembo. Kati ya 1971 na 1982 vilitoka vitabu saba. Ndani yake utakuta mnyama akikimbia, akilala, akikunja pua, na ukurasa unaofuata utamkuta amechunwa, misuli yake imechorwa mmoja mmoja, kisha fuvu, kisha meno. Kingdon aliwapasua wanyama waliokufa na kuwachora vile vile kwa sababu kwake kuchora ni namna ya kuuliza: kwa nini shingo hii imekaa hivi, kwa nini madoa haya yako usoni na si mgongoni. Wanasayansi waliovipokea vitabu vile walikuta hoja za mageuko ya viumbe zilizojengwa kwa mistari ya penseli. Mwaka 2013 alikuwa mmoja wa wahariri wa vitabu sita vya mamalia wa Afrika nzima. Nilipoviona vitabu vyake kwa mara ya kwanza nilikaa navyo mpaka mkutubi akazima taa za upande wa pili.

Ng'ambo ya Ziwa Eyasi, ukiwa Mkalama ukatazama kaskazini, ipo Mangola, na hapo kwa miaka mingi waliishi David Bygott na Jeannette Hanby. Bygott alikuja Tanzania kusoma sokwe wa Gombe, kisha yeye na Hanby wakawasoma simba wa Serengeti katika miaka ya 1970. Mwaka 1982 kilitoka kitabu chao cha maisha ya kundi moja la simba: maneno ya Hanby, michoro ya Bygott. Baada ya hapo waliandika na kuchora vitabu vidogo vya kuongoza wageni katika hifadhi zetu, Ngorongoro ikiwemo. Vitabu vile ni vyembamba na vya bei ya mtu wa kawaida. Kijana anayejifunza kuongoza watalii hukiweka kimoja mfukoni. Nadhani michoro iliyosaidia wanyama wa nchi hii imo zaidi katika vitabu kama hivyo kuliko katika majumba ya sanaa.

Na wapo wa zamani kuliko hawa wote. Katika miamba ya Isanzu na Iramba kuna michoro ya wanyama na watu ambayo Mjerumani Ludwig Kohl-Larsen aliinakili miaka ya 1930. Majirani zetu wa Kondoa wanayo mingi zaidi, na mwaka 1951 Mary Leakey alipanda miamba ile kuinakili kwa kalamu na rangi. Mary naye alianza maisha kama mchoraji: alikuwa akiwachorea wengine zana za mawe kwa ajili ya vitabu vyao, na kutokana na kuzichora akazijua kuliko wengi waliokuwa wakizichimbua. Miamba ya Kondoa iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006. Ya kwetu haimo.

Nimesema habari ya panga, na lazima niimalize. Jackson, yule aliyehariri maandishi ya Burtt kwa uangalifu mkubwa, miaka michache baadaye alishiriki katika jaribio la Shinyanga la kuwaua wanyamapori wa eneo zima ili kuona kama mbung'o atakosa damu na kutoweka. Wanyama waliuawa kwa maelfu, na matokeo yakachapishwa mwaka 1952. Swynnerton mwenyewe alikuwa Bwana Nyama kabla ya kuwa mtu wa mbung'o. Alilinda na alifyeka. Shinyanga iliyofyekwa na kulishwa mifugo bila kupumzika ilifika mahali ikawa karibu jangwa, hata mwaka 1986 serikali ikaanzisha mradi wa HASHI kuirudishia miti, na wafugaji wakarudi kwenye ngitili zao za zamani, kufunga eneo la malisho lipumue. Siwahukumu watu wa miaka ya 1930 kana kwamba malale haikuwepo. Ilikuwepo, na iliua watoto. Ninachosema ni kwamba maandishi yaliyotengenezwa ili kuongoza panga yamebaki kuwa ushahidi bora tulionao wa thamani ya kile kilichokuwa kikifyekwa. Burtt angeandika vibaya, leo tusingekuwa na cha kulinganisha.

Kwani vichaka vinapungua. Vinakatwa kwa mkaa na kuni, vinafyekwa kwa mashamba, moto unapita. Manyoni sasa ina mashamba makubwa ya pamoja ya korosho, na watu wa kwetu wanahitaji fedha kama watu wengine wote. Mimi nina wadogo zangu wanaolima huko. Upande wa kusini yapo mapori ya akiba ya Rungwa, Kizigo na Muhesi, lakini vichaka vingi viko nje, katika ardhi ya vijiji, ambako hakuna askari wala mtalii. Tembo anayelindwa Muhesi anajulikana duniani kote. *Burttia* haina anayeijua.

Jambo la kutia moyo ni kwamba wanaoisoma Itigi sasa ni Watanzania. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Joseph Makero akiwa mmoja wao, walikaa katika vichaka hivi, wakakata na kupima mashina na mizizi ya *Pseudoprosopis fischeri* na *Combretum celastroides*, aina mbili zinazotawala humo, ili ijulikane kichaka kimoja kinabeba uzito gani na kaboni kiasi gani. Kabla yao alikuwepo Leonard Mwasumbi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliyekusanya mimea ya nchi hii kwa miongo mingi na kuwafundisha wengi. Mwaka 2009 wataalamu waliopata jenasi mpya ya familia ya mtopetope katika misitu yetu ya pwani waliiita *Mwasumbia*. Ninapowafundisha watoto huanza na hiyo, kisha ndipo nawapeleka kwa *Burttia*.

Kwa maana bado nafundisha, ingawa nimestaafu. Jumamosi za mvua nawachukua vijana wachache wa sekondari, wavulana na wasichana, tunakwenda kando ya vichaka na madaftari yasiyo na mistari. Tunafuatana na mzee mmoja mrina asali, rika la marehemu baba yangu. Yeye hutangulia, hushika tawi, hulitaja, husema nyuki wanalitaka lini. Vijana huketi chini kulichora: tawi zima kwanza, kisha ua lililofunguliwa kwa wembe na kukuzwa mara nne. Karatasi za Burtt zimepigwa picha siku hizi, kwa hiyo jioni hufungua simu zao na kulinganisha mstari wao na tawi lililokatwa Kazikazi zaidi ya miaka 90 iliyopita. Wakati mwingine daftari la mtoto lina jambo ambalo karatasi ya London haina, rangi ya ua likiwa bichi, au harufu.

Nina sharti moja ambalo sijalilegeza. Chini ya kila mchoro yaandikwe mahali, tarehe, udongo, na majina mawili kwa ukamilifu: la aliyechora, na la aliyeuonyesha mmea. Mwaka jana msichana mmoja alitaka kuandika tu "mzee wa kijijini" kwa sababu nafasi ilikuwa ndogo. Nilimrudishia karatasi, akaifuta, akaenda kumuuliza mzee jina la baba yake linaandikwaje, akaanza upya.